Ringi ndo zilikuwa zinanichezea, skopu nimeisingizia mwaka mzima

Naanza kwa kuiomba radhi skopu yangu, ile darubini ya kulengea inayokaa juu ya bunduki. Mwaka mzima nimeitukana, nikaifunga kwenye boksi nikamrudishia muuzaji, ikarudi na kikaratasi kinasema haina tatizo, nikamtukana na muuzaji kimoyomoyo, kumbe masikini ya Mungu skopu haina kosa lolote, wenye kosa ni ringi, vile vichuma viwili vya kuishikilia nilivyopewa bure ndani ya boksi lilelile. Bure ghali, wenyewe walishasema, mi nikajifanya sijasikia.

Sasa hapa nazungumzia vitu vitatu nilivyovitumia kwa mkono wangu: skopu ya zumu 6 hadi 24 yenye lenzi ya mbele ya mm 50 (jina naliacha, nimeshaisingizia vya kutosha), skopu ya Weaver T-36 ambayo haina zumu kabisa, na ringi za Burris Signature, zile zenye plastiki ndani. Bunduki zangu ni mbili na zote za shabaha, .22 ya mita 50 na .308 ya mtutu mnene ya mita 300 na kwenda mbele (hizo namba ni unene wa risasi kwa inchi). Kama wewe unawinda mengi ya hapa hayakuhusu, mwindaji anapiga risasi moja au mbili anarudi na nyama au anarudi na stori, sisi tunakaa pale tunapiga 60 na tunataka zote zipite kwenye tundu moja, na hapo ndo kila kiskrubu kilicholegea kinaumbuka.

Na kingine kabla sijasahau, kama ndoto yako ni Olimpiki usinunue skopu kabisa, bunduki za ISSF (shirikisho la dunia la kulenga shabaha) za mita 10 na mita 50 zinalengwa kwa kitundu cha nyuma na kiduara cha mbele, skopu hairuhusiwi. Nimeona mtu kanunua skopu nzuri mno halafu akaambiwa hivyo mlangoni. Inauma.

Haya, kisa chenyewe. .308 ilikuwa inapiga vizuri, yani mita 100 matundu matano unayafunika kwa kizibo cha soda, halafu baada ya risasi kama 40 hivi kundi linahama. Halitawanyiki, hilo ndo lilikuwa linanichanganya, linahama zima zima na ukoo wake, leo sentimita 3 kushoto, wiki ijayo limepanda juu. Nikasema ni risasi, nikabadilisha risasi. Nikasema ni upepo. Nikasema labda ni mimi navuta traiga vibaya, nikarudi kupiga kavu kila jioni kama mwanafunzi, bunduki tupu, naangalia kama ule msalaba wa kulengea ndani ya skopu unatikisika. Hautikisiki. Basi nikaamua ni skopu, ndo ile safari ya boksi.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja pale uwanjani, mtu wa maneno machache kweli kweli. Aliniona nalalamika, akatoa mfukoni selotepu ya karatasi, ile wanayotumia mafundi rangi, akabandika kipande kwenye bomba la skopu mbele ya ringi ya mbele, kikigusa kabisa ukingo wa ringi. Akaniambia, "Kijana, piga 30 halafu uje." Nikamwambia sawa mzee. Nikapiga, nikarudi, akachomoa miwani yake akainama, akaingiza ukucha wa kidole gumba kati ya ringi na selotepu. Ukucha ukaingia. Hakusema kitu, akaniangalia tu.

Yani skopu ilikuwa inateleza kwenda mbele. Ukifikiria ni rahisi, bunduki ikipiga inarudi nyuma kwa teke, skopu ina uzito wake na yenyewe inataka kubaki pale pale ilipo, ringi isipoibana sawasawa bunduki inarudi na skopu inabaki, kidogo kidogo, robo ya milimita leo, robo kesho, na kila ikihama haitui vilevile ilivyokuwa. Mi na risasi zangu na upepo wangu!

Tulipofungua ndo aibu ikakamilika. Ringi nzuri ikifunguliwa unatakiwa ukute alama ya kubana imesambaa kama kivuli kipana kwenye bomba. Mi nilikuta mistari miwili inayong'aa, rangi nyeusi imekwanguka hadi chuma, mmoja ukingo wa mbele wa ringi ya mbele, mwingine ukingo wa nyuma wa ringi ya nyuma. Maana yake ringi mbili hazikuwa zinaangaliana, moja inatazama juu kidogo na nyingine inatazama pembeni, na mi nikalichukua bomba lililonyooka nikalilazimisha lipinde lifuate ringi. Na kofia ya ringi ya nyuma, upande wa kulia, ilikuwa imekutana na nusu ya chini chuma kwa chuma. Hapo hata ukaze mpaka alenki ipinde, huibani skopu, ringi inajibana yenyewe tu. Lazima kuwe na uwazi kushoto na kulia, na uwe sawa pande zote.

Kuna jaribio la bure ambalo ningelifanya tangu siku ya kwanza nisingepoteza mwaka. Bunduki tupu, umehakikisha mara mbili, iko kwenye stendi haichezi, unaangalia ndani ya skopu kwenye alama moja ya mbali, halafu mwenzako analegeza taratibu kofia ya ringi moja. Msalaba ukibaki pale pale, ringi zako ziko sawa. Wangu uliruka kama panzi. Dalili nyingine ni nobu, vile vya kuzungusha kwenye skopu vinavyohamisha msalaba, kama ili kupata ziro (risasi itue pale msalaba ulipo) umelazimika kuzungusha nobu ya kushoto-kulia karibu yote upande mmoja, usikimbilie kulaumu skopu, angalia kwanza ringi na reli (kile chuma cha juu ya bunduki ringi zinapofungwa) kama vimenyooka na mtutu.

Sasa ringi za Burris. Hizi ndo zilizonifanya niandike. Ndani ya ringi ya chuma kuna vipande viwili vya plastiki ngumu, kwa nje vina umbo la mpira, kwa hiyo vinakaa kwenye chuma kama jicho kwenye tundu lake, vinageuka. Ukiweka bomba, plastiki zenyewe zinajipanga kufuata bomba lilivyonyooka badala ya bomba kulazimishwa kufuata ringi. Basi. Hakuna kusugua. Maana njia ya zamani ya kunyoosha ringi ni kuchukua nondo ya chuma iliyonyooka, unapaka dawa yenye mchanga laini, unasugua ndani ya ringi mbele nyuma mbele nyuma mpaka zote mbili zishike sawa, kazi ya saa nzima, na ukishasugua ringi hizo ni za bunduki hiyo tu, ukizihamisha unaanza upya. Wapo wanaoipenda kazi hiyo, inawatuliza. Mi hapana.

Nimezifungua hizi za Burris kwenye .22 mara tatu kwa sababu ya kubadilisha skopu na sijaona hata mkwaruzo mmoja kwenye bomba, na hilo kwa mtu anayefikiria kuuza skopu baadaye si jambo dogo. Kwenye .308 nikaweka za familia hiyohiyo ila nene zaidi, wanaita XTR Signature, nikabandika selotepu ya mzee, nikapiga 200. Selotepu iko vilevile imegusa ringi, nimeiacha pale pale mpaka leo kama hirizi.

Halafu kuna kitu watu wengi hawakijui kuhusu hizi plastiki. Zipo ambazo tundu lake haliko katikati kabisa, zimeandikwa 5, 10 au 20, maana yake ukiigawa inchi vipande elfu, zimehama vipande 5, 10 au 20. Kwa hiyo ukitaka kuinamisha skopu kidogo ili upate nafasi ya kupiga mbali zaidi, huna haja ya kununua reli ya mteremko. Mfano ringi zako zimeachana inchi 4, nyuma unapandisha elfu 10 na mbele unashusha elfu 10, tofauti ni elfu 20 ya inchi ndani ya inchi 4, hapo umepata kama MOA 17 (MOA ni kipimo cha pembe, digrii moja gawa kwa 60). MOA 17 kwa mita 100 ni karibu nusu mita, si mchezo. Ila angalia usizipange kinyume, nyuma ndo inapanda, mi mara ya kwanza nilizigeuza nikajikuta nobu imegonga mwisho na risasi bado zinaingia kwenye udongo chini ya karatasi, nikaanza tena kuitazama skopu kwa jicho baya.

Kero zake zipo. Kuzifunga kunataka mikono mitatu, unaweka plastiki ya chini inakaa, ya juu inadondoka, unaokota, ile ya chini imegeuka, na zile za kuhama namba zake ni ndogo kiasi kwamba taa ya kawaida haitoshi. Tafuta mtu akusaidie au lamba midomo uvumilie. Pia usipake mafuta wala grisi kwenye plastiki, futa kila kitu kwa spiriti kwanza, bomba, plastiki, ringi, vyote vikavu.

Kwa atakayenunua ringi za aina nyingine yoyote, pima bomba kwanza. Yapo ya inchi 1, ambayo ni mm 25.4, yapo ya mm 30 na ya mm 34, na hamna cha "zinakaribiana", hazikaribiani. Watu wanasema bomba la mm 30 linaingiza mwanga zaidi, hiyo ni stori ya vijiweni, faida yake kubwa ni nafasi ya ndani ya msalaba kupanda na kushuka, na ugumu wa bomba. Mwanga unaamuliwa na lenzi ya mbele, na vioo vyenyewe, na umezoom kiasi gani.

Halafu reli. Bunduki nyingi za .22 na za upepo zina mifereji miwili ya mm 11 imechongwa kwenye bodi yenyewe. Nyingine zina reli ya Weaver au ya Picatinny, na hizi mbili zinafanana mpaka watu wanaapa ni kitu kimoja. Mfereji wa kukatiza wa Picatinny una upana wa mm 5.23 na imepangwa kwa kipimo cha jeshi la Marekani cha mwaka 1995, ya Weaver ni myembamba, kama mm 4.6, na kampuni nyingi zinaipanga zinavyotaka. Ndo maana ringi ya Weaver inaingia kwenye Picatinny ila ringi ya Picatinny inaweza ikagoma kwenye Weaver. Ukiweka ringi kwenye reli, kabla hujakaza nati, isukume mbele mpaka ile bolti ya kukatiza igonge ukuta wa mbele wa mfereji, ndo ukaze. Ukiiacha inaelea katikati, risasi za kwanza zitakusukumia zenyewe, na ziro yako itaenda nazo.

Urefu wa ringi usinunue kwa macho. Chukua kipenyo cha nje cha ile sehemu nono ya mbele ya skopu, gawa kwa mbili, hapo ndo umejua katikati ya bomba inatakiwa iwe juu ya mtutu kwa kiasi gani, ongeza milimita chache za kupumulia. Skopu yangu ya lenzi ya mm 50 kwa nje ina mm 57, nusu yake 28 na ushee, na mtutu wangu ni mnene, ringi za chini zikagoma. Lakini usiruke ukanunua za juu kabisa ili uwe salama, maana shavu litatoka kwenye kitako, utakuwa unalenga umeinua shingo kama twiga, na shavu lisipokaa mahali pamoja kila risasi hayo yote mengine ni kazi bure.

Kuhusu kukaza, hapa nitakuwa mkali. Skrubu za kofia ya ringi nyingi zinataka kati ya 15 na 18 kwa kipimo cha pauni-inchi, 18 ni kama Nm 2 (nyutoni-mita). Nm 2 ni kidogo sana jamani! Ni vidole viwili na alenki fupi. Mi nilikuwa nakaza kama nafunga tairi la lori, naikamata alenki kwa ngumi mpaka inaacha alama kiganjani, na ndo nilivyoweka mbonyeo kwenye bomba la ile skopu ya zumu. Nunua spana ndogo ya kipimo, ile unaiwekea namba ikifika inalia "tak" inakataa. Kaza msalaba msalaba kama nati za gurudumu, kidogo hapa kidogo pale, huku unaangalia uwazi wa pande mbili unabaki sawa. Gundi ya skrubu mi siweki kwenye kofia, ikiwa mbichi inalainisha nyuzi kwa hiyo spana inasoma namba ileile ila wewe umebana zaidi. Skrubu za reli kwenye bodi ni hadithi nyingine, hizo fuata karatasi ya aliyetengeneza.

Kabla ya kukaza ya mwisho kuna kunyoosha msalaba, na hapa watu wanahangaika na pima maji tatu nne juu ya bunduki wakati dawa ni timazi. Uzi na jiwe. Niliutundika uzi mweupe kwenye msumari, jiwe dogo kwa chini, mita 25 mbele yangu, nikasubiri utulie, bunduki nimeisimamisha wima kwa pima maji iliyowekwa kwenye reli, halafu nikazungusha skopu taratibu ndani ya ringi mpaka mstari wa wima ukamezwa na uzi wote juu mpaka chini. Hapo unashika pumzi unakaza. Sasa kuna ringi za mtindo wa zamani ambazo kofia inanasa upande mmoja na skrubu ziko upande mmoja tu, hizo ukikaza zinazungusha skopu nayo, umenyoosha vizuri kabisa, ukimaliza kukaza imelala. Dawa yake ni kuanza ukiwa umeilaza kidogo upande wa pili ili ikikaza ijirudi, kubahatisha tupu, mi nilizigawa.

Na usidhani kulala kidogo hakuna shida. Kwa mita 50 kweli hutaona. Ila ukipiga mita 900 umepandisha nobu miliradiani 10 (kipimo kingine cha pembe, wengi wanaita mili), skopu ikiwa imelala digrii 1 tu risasi inaenda pembeni kama sentimita 16. Digrii 3, sentimita 47. Utamlaumu upepo mpaka uzeeke.

Sasa skopu zenyewe. Ile ya zumu 6-24x50, baada ya kuipa ringi za maana, ni skopu nzuri tu ya kati. Nobu zake zinahama robo MOA kwa kliki (ule mlio mmoja ukizungusha), yani mm 7 na kidogo kwa mita 100. Nikaipima kwa karatasi ndefu: nikachora mstari wa wima kwa timazi, nikapiga risasi tatu chini, nikapandisha MOA 20 nikipiga alama ileile, ambazo kwa mita 100 halisi ni sentimita 58, nikapata 56. Kwa hiyo nobu inasema 20 inatoa 19 na kitu. Kwangu sio kesi, nimeandika kwenye kadi nimebandika kitakoni, ila mtu anayepiga umbali tofauti tofauti bila kujua hilo atateseka. Kila skopu ipimwe hivyo, hata ya bei mbaya. Jambo la pili, zumu ikipita 20 picha inakuwa na ukungu pembeni, kwa hiyo mi naiita 6-20 na tunaishi kwa amani.

Weaver T-36 ni mnyama mwingine. Nimeinunua ikiwa imeshatumika. Ndo Weaver yuleyule wa reli, kampuni ya Marekani ilianza 1930. Inakuza mara 36, haishuki haipandi, lenzi ya mbele mm 40, bomba inchi 1, kliki ni moja ya nane ya MOA. Na kwa .22 hiyo kliki ndo utamu wenyewe. Fikiria, kwenye karatasi ya ISSF ya mita 50 duara la 10 lina kipenyo cha mm 10.4. Kliki ya robo MOA kwa mita 50 inahamisha mm 3.6, kliki ya skopu za mili, 0.1, inahamisha mm 5, nusu ya duara zima! Hii ya T-36 inahamisha mm 1.8. Unaweza kubembeleza. Nobu ikizungushwa unaisikia kwenye ncha za vidole, tk, tk, tk, hata ukiwa umevaa vizuia sauti masikioni.

Kingine ni paralaksi, na kwa mita 50 hili linaua watu kimyakimya. Paralaksi ni pale ukisogeza jicho nyuma ya skopu msalaba nao unatembea juu ya shabaha wakati bunduki haijasogea. Skopu nyingi zisizo na kirekebishi zimewekwa yadi 100 kutoka kiwandani, au 50 zile za .22. Ukichukua ya yadi 100 yenye lenzi ya mm 40 ukapiga mita 50, jicho likikaa pembeni kabisa kosa linaweza kufika mm 9. Duara lako la 10 ni mm 10 na kidogo, piga hesabu mwenyewe. T-36 inarekebishwa kwa kuzungusha pete kwenye lenzi ya mbele. Usiziamini sana namba zilizochorwa kwenye pete, wewe zungusha mpaka ukitikisa kichwa juu chini msalaba ubaki umeganda. Ila kabla ya hapo weka sawa kioo cha jicho, angalia anga tupu (sio jua!), tupia jicho haraka sekunde moja mbili, msalaba uwe mkali papo hapo, maana ukikodoa muda mrefu jicho litajirekebisha lenyewe likudanganye.

Ubaya wa kukuza mara 36, na hii ni ya skopu yoyote ya hivyo, mm 40 gawa kwa 36 unapata mm 1.1, huo ndo upana wa mwanga unaofika jichoni, kama tundu la sindano. Jicho likihama kidogo kiza. Mawingu yakitanda giza linaingia mapema kuliko kwa wenzako. Na eneo unaloona ni dogo mno. Siku moja nilipiga risasi tano safi kabisa, nikajipongeza, nikaangalia karatasi yangu nyeupe haijaguswa. Risasi za kwenye karatasi ya jirani zilikuwa 10. Alifurahi sana yule jirani.

Halafu mazigazi. Joto likipanda, ukuze mara 36 uone karatasi inavyocheza kama iko chini ya maji ya mto. Wengine wanayachukia, mi nayatumia, yakitiririka kulia najua upepo unaenda kulia, yakichemka kwenda juu tu najua upepo umetulia au unakuja usoni au mgongoni. Ila kuna saa yanazidi na hapo ndo natamani zumu nishushe hadi 16 nipumzike, T-36 hainipi hiyo nafasi. Kwa hiyo .22 ya mita 50 inabaki na T-36, .308 inabaki na zumu. Rafiki yangu ana skopu ya Nightforce Competition ya 15-55x52, alinipa nikaangalia dakika mbili, nikamrudishia haraka kabla sijazoea. Na ina gramu kama 790 tu, na kwa F-Class, mchezo wa kupiga shabaha za mbali kwa skopu, hiyo ni hoja, maana kwenye kundi lake la F-TR bunduki na skopu na miguu yote kwa pamoja haitakiwi kuzidi kilo 8.25. Aliyeanzisha mchezo huo ni mzee Farquharson wa Kanada, F ni yake. Ringi za chuma nene zikiwa nzito kupita kiasi nazo zinakula kwenye hizo kilo, pale za alumini ngumu zinatosha kabisa.

Kwa wenye bunduki za upepo za springi, neno moja tu: hizo teke lake linaenda pande mbili, nyuma halafu ghafla mbele, na zimeua skopu za .308 zilizokuwa hazina hata homa. Tafuta skopu iliyoandikwa ni ya bunduki ya upepo, na ringi au maunti (kishikilia skopu) yenye kipini cha kuzuia kinachoingia kwenye tundu la bodi. Bila kipini itatembea tu.

Alama zangu: ringi za Burris 5 kwa 5 ukiacha ile nusu saa ya kuokota plastiki chini ya meza. T-36 4 na nusu, nusu nimemkata yule jirani aliyekula risasi zangu. Skopu ya zumu 3 na nusu, na mbonyeo wa kwenye bomba lake ni mkono wangu siukatai. Ringi za bure sizipi kitu, zipo kwenye droo zinashikilia karatasi zisipeperuke, kazi hiyo wanaiweza.

Ila ile spana ya kipimo siwezi kuipa alama kwa sababu sinayo. Iliazimwa "dakika tano tu" wiki ya tatu sasa, na mwenye nayo anajijua.